Laptop Iliyovishwa Sweta

Kiplangat alitamani kutukanwa na mama mkwe wake, na kwa miaka yote ya ndoa yake mama huyo alikuwa amemnyima raha hiyo.

Isieleweke vibaya. Mama Wanjugu, mzazi wa mkewe Wariara, mkulima wa viazi kule Dundori, hakuwa na upungufu wa matusi. Alikuwa nayo tele, ya kupanda na ya kuuza. Wala hayakuwa yale machafu ya vijana wa stendi. Yalikuwa matusi ya shambani, yenye udongo na mizizi, na aliwagawia wale aliowapenda tu. Wanawe wa kiume walikuwa magunia matupu. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa shetani mwenye chuchu nne. Mchungaji wa kanisa aliwahi kuambiwa, mbele ya kamati nzima, kwamba mahubiri yake yanaweza kulaza kupe. Mume wa dadake Wariara, fundi wa mabomba, alikuwa ameshaitwa jembe lisilo mpini na chai ya jana, na kila alipotukanwa alimpigia Kiplangat simu kumsimulia. "Leo mathe ameniita gunia la mbolea," angesema, kwa sauti ya mtu aliyepandishwa cheo.

Kiplangat yeye, tangu mwanawe azaliwe, aliitwa Baba Micah. Karibu chai, Baba Micah. Barabara ilikuwa aje, Baba Micah. Asante kwa sukari, Baba Micah, Mungu akuzidishie. Aliwekewa kiti kisicho na doa, akapewa kikombe chenye kisahani, na akizungumza watu wote walinyamaza kama anasoma taarifa ya habari. Akitoka hapo shingo inamuuma.

Na tangu Januari adabu hiyo ilikuwa imezidi. Kiplangat ni Mkalenjin wa upande wa Rongai, Mama Wanjugu ni Mkikuyu wa Dundori, na mwaka ule wa 2008 ulipoanza kwa moto na mapanga ya baada ya uchaguzi, majirani waliokuwa wakiombana chumvi walianza kuulizana majina ya baba zao. Katika familia hizi mbili hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini Kiplangat na Wariara walipohama kutoka chumba chao cha Kaptembwo wakaenda kupanga mtaa wa Section 58, hukohuko Nakuru, mama huyo hakuja kuona nyumba mpya. Alikuwa na sababu kila mara: ng'ombe anazaa, viazi vinachimbwa, goti linauma. Micah alipelekwa Dundori akaonekana, akabatizwa hukohuko, na siku hiyo ya ubatizo Kiplangat alipokewa kama mkaguzi wa shule.

Wariara alimwambia ashukuru, kwamba kuna wanaume Nakuru hii ambao mama wakwe zao wameapa kutowaona tena. Kiplangat alisema ameshukuru. Hakuwa ameshukuru hata kidogo. Aliona wazi kwamba mtu anayemwita Baba Micah kwa upole namna ile anazungumza na mtu aliyeko ng'ambo ya mto.

Ndipo ikaja laptop. Kiplangat alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya kutwa, na aliinunua kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahamia Kisii. Mwalimu wa Kiswahili aliibatiza tarakilishi ya mapajani, jina lililodumu kuliko betri yake. Wariara alimweleza mamake habari hizo kwenye simu, na Mama Wanjugu, ambaye kwa miezi hakuwa ameuliza lolote kuhusu mkwe wake zaidi ya afya, aliuliza swali moja tu: ina upana gani?

Aliyewahi kuingia nyumbani kwa Mama Wanjugu angeelewa swali hilo. Mama huyo alikuwa mfumaji wa vitambaa, na kwake hakuna kitu kilichokaa uchi. Makochi yamevaa, redio imevaa, televisheni ina pazia, chupa ya chai ina kofia. Mtungi wa gesi una sketi ya marinda. Kuku waliponea kwa kuwa wepesi wa mbio.

Wariara aliipima laptop kwa kamba, akatuma vipimo, na baada ya siku kadhaa pikapu ya maziwa ikaleta gunia la viazi na juu yake bahasha laini. Kiplangat alipoifungua alidhani ni nguo ya mtoto. Ilikuwa sweta ya laptop, ya uzi mzito, rangi ya chungwa yenye mistari ya zambarau. Haikuwa ile ya kutandika juu tu. Lilikuwa vazi kamili: lilishika tumbo la mashine, likapanda mbavuni pande zote, likabana kwa mpira kuzunguka vibonye, na kifuniko nacho kilikuwa na koti lake lenye ua la manjano mgongoni. Palipobaki wazi ni kioo na vibonye tu, kama uso wa mtoto aliyefungwa kofia ya baridi. Hata tundu la waya wa chaja lilikuwa limepigwa ukingo kwa ustadi.

Kiplangat aliona aibu, na papo hapo akaona furaha. Mama yule hakuwa amewahi kumfumia kitu. Kila mtu katika ukoo ule alikuwa na kitambaa chake isipokuwa yeye. Laiti ingemtosha, angeivaa mwenyewe aende nayo kazini.

Wariara aliweka sheria siku hiyohiyo: sweta haivuliwi. Alikumbusha habari za mke wa kakake, ambaye Mama Wanjugu alimkuta akifutia jiko kitambaa alichopewa, na mama hakukanyaga nyumba ile mpaka watu wa kanisa walipoingilia kati. Basi laptop ikavishwa, ikawekwa juu ya meza ya sebuleni, na kwa heshima yote ikaanza kufa.

Mara ya kwanza Kiplangat alikuwa anatayarisha mtihani wa kidato cha tatu, swali la jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea. Alikuwa amefika pale ardhi inapopasuka, kioo kikageuka buluu, kikajaa maandishi meupe ya Kizungu cha watu wenye hasira, kisha kikazima. Akaiwasha. Ikaleta alama ya kampuni, ikafikiria, ikazima. Akaiwasha tena, ikaleta ukurasa mweusi ukimwuliza kama anataka kuanza kwa njia ya kawaida au kwa njia salama. Kiplangat, kwa kuwa ni mtu wa tabia hiyo, alichagua njia salama. Ikamzimikia katikati ya usalama wenyewe. Ndani feni ilikuwa inalia kama kinu cha posho.

Kesho yake aliipeleka kwa Jaydeep. Duka la Jaydeep lilikuwa nyuma ya soko, kati ya muuza mbegu na mpiga picha. Babu yake aliuza baiskeli hapo, babake akauza redio, na yeye alitengeneza kompyuta huku akilalamika kwamba baiskeli zilikuwa na faida zaidi. Kabla ya kutoka nyumbani, Kiplangat aliivua laptop sweta, akaikunja vizuri juu ya kochi. Hata Wariara alikubali hapo. Kuna kumheshimu mama mkwe, na kuna kupita mbele ya wanafunzi wako umekumbatia mashine yenye ua mgongoni.

Kwa Jaydeep laptop ikawaka kama malaika. Ikafungua kila kitu, ikafunga kila kitu, ikacheza muziki. Jaydeep akamtazama Kiplangat kwa namna ambayo daktari humtazama mwanafunzi anayeumwa na tumbo siku ya hesabu.

"Boss, hii iko fiti," alisema. "Shida iko wapi?"

Kiplangat akaapa kwamba jana ilikuwa imekufa. Akaipeleka nyumbani, akaivisha, akaketi kuandika, na kabla chai yake haijapoa ikazima. Akarudi nayo dukani bila sweta. Ikawaka. Jaydeep, kwa kumhurumia, akatafuta virusi na akavipata, kwa sababu mashine ya mwalimu haikosi virusi, akaviua vyote na kuiwekea programu upya. Ikashinda pale kaunta mchana kutwa ikifanya kazi bila kukohoa. Ikarudi nyumbani, ikavaa, ikafa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na walisema hivyo kabla ya umeme kufika Nakuru. Lakini nani husikiliza wahenga akiwa na mashine ya kisasa? Katika nyumba ile kila mtu alitafuta mchawi isipokuwa pale alipokuwa.

Nasrudin, jirani wa mlango wa pili, ambaye ukoo wake ulifika mjini pamoja na reli na kwa hiyo alijiona mwenye neno la mwisho kuhusu kila kitu cha chuma, alisema ni stima. Nyaya za nyumba hii, alisema, zilivutwa na mtu aliyekuwa na haraka. Akaamuru friji izimwe, redio izimwe, taa zizimwe, pasi itolewe chumbani kabisa isije ikashawishi. Wakakaa gizani, Nasrudin akamulika tochi kama daktari wa meno, na laptop, ikiwa imepewa stima yote ya nyumba peke yake, ikazima palepale. Nasrudin akasema basi ni mita.

Akina mama wa maombi walisema ni aliyeiuza. Mtu hawezi kuuza kitu kizuri hivyo bila kuacha kitu ndani yake. Walikuja alasiri moja, wakasifu ua la manjano, wakaomba mashine iwashwe, kisha wakaiwekea mikono yote kwa pamoja, juu ya ile sweta, wakaomba kwa moto. Walipofika amina, laptop ikapiga yowe na kunyamaza. Kiongozi wao alifumbua macho akatangaza kwamba kitu kimetoka. Kiplangat aliona ni kweli. Kilichotoka kilikuwa mtihani wa kidato cha tatu, na ilibidi auandike upya kwa kalamu.

Angeweza kuvumilia hayo yote. Asichoweza kuvumilia ni simu iliyopigwa wiki hiyohiyo kutoka Dundori. Mama Wanjugu alisema goti limepona, na Jumapili atashuka. Alikuwa amesikia kwamba picha za ubatizo zimo kwenye ile mashine, alitaka kuziona. Kisha akaongeza kwamba pia angependa kuona kama nguo iliitosha.

Kiplangat na Wariara walitazamana. Mama alikuwa anakuja nyumbani kwao kwa mara ya kwanza tangu Januari, na alichokuwa anakuja kuona ni laptop iliyovaa sweta yake, inayofanya kazi. Asipoipata, angerudi kwa ng'ombe wake na goti lingeanza kuuma tena, pengine milele.

Ijumaa Kiplangat aliibeba tena kwa Jaydeep. Safari hii Jaydeep hakucheka. Alisema mashine hii inamharibia jina, kwamba watu wameanza kusema kazi yake hudumu mpaka mlangoni. Akachukua bisibisi, akaigeuza kifudifudi na kuifungua tumbo. Akachukua kibano kidogo, akakitia ndani ya feni na kuvuta. Ukatoka uzi wa rangi ya chungwa. Akavuta tena, likatoka donge zima, la chungwa na zambarau, limeshikana na vumbi mpaka likawa kama kiota.

"Mwalimu," Jaydeep alisema, "huku ndani unafuga kondoo?"

Kiplangat akasema labda ni vitu vya mtoto. Jaydeep akauliza mtoto ana manyoya? Kiplangat akasema labda ni zulia. Jaydeep akaweka kibano chini, akakunja mikono na kumngoja, na hatimaye Kiplangat, akiwa ameshusha sauti kwa sababu ya wateja, akaeleza habari za sweta tangu vipimo vya kamba mpaka ua la manjano.

Jaydeep alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza kwa upole kwamba mashine kama hii huvuta hewa kwa tumbo na kutoa moto kwa ubavu. Ikizibwa huku na huku inapata moto, na ikipata moto inajizima yenyewe isije ikaungua. Stima haikuwa na kosa. Virusi navyo viliuawa bure. Ilikuwa inafia ndani ya nguo, na Kiplangat alikuwa akiivua kila alipokuja kwa fundi.

"Itoe hiyo sweta na uitupe mbali," Jaydeep alisema.

"Ni ya mama mkwe."

Jaydeep akasema nyumbani kwao rimoti ya televisheni imekaa ndani ya karatasi ya nailoni tangu inunuliwe, vibonye havisomeki, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kumgusia mamake jambo hilo. Akaanza kurudisha skrubu moja moja. "Mimi ni fundi wa kompyuta tu," alisema.

Nyumbani Wariara alisikiliza yote akiwa amefunga macho. Kiplangat alisema wamwambie mama ukweli. Wariara akamwuliza nani atamwambia, yeye? Kiplangat akasema hapana. Basi wakakubaliana kama watu waoga wanavyokubaliana, haraka na bila kutazamana. Jumapili laptop ingevaa. Picha zingeonyeshwa mbiombio, ikiwa bado baridi, kisha izimwe kwa heshima kabla haijajizima yenyewe, na mama angekula kuku, apande pikapu na kurudi Dundori ameridhika. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtoto wa shule anaijua methali hiyo, na Kiplangat alikuwa ameisahihisha kwenye insha za watu.

Mama Wanjugu alifika baada ya ibada, na mtungi wa maziwa mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, aliyefunga kitambaa cha kichwa kama mtu anayefunga mzigo usianguke njiani. Alimbeba Micah, akamwita panya wa ghalani, akambusu. Akamwambia Wariara amenenepa kama mchungaji. Kisha akamgeukia Kiplangat, uso ukatulia.

"Hamjambo hapa, Baba Micah. Nyumba ni nzuri."

Akaketi kwenye ukingo wa kochi. Macho yake yalikuwa yameshaiona. Alinyoosha mkono, akalinyoosha lile ua la manjano lililokuwa limelala upande, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu la chaja.

"Ilitosha," alisema, na ingawa hakusema zaidi, Kiplangat aliona jinsi alivyopendezwa, akaona afadhali mashine iungue mpaka vibonye.

Picha zikaanza. Kiplangat alizipeperusha kama mtu anayehesabu kura za wizi: mtoto, maji, mchungaji, kwaya, mtoto.

"Pole pole, Baba Micah, ukipenda," alisema mama. "Mimi macho yangu si ya kijana."

Akataka kurudi kwenye kwaya. Akataka kujua ni nani huyo aliyepiga miayo. Akacheka kwa kumwona mchungaji amefumba macho, akasema hata yeye mwenyewe anajilaza. Kiplangat alikuwa anasikia feni ikianza, mwanzo kwa mnong'ono, kisha kwa malalamiko. Jasho likamtoka. Wariara alileta chai ambayo hakuna aliyeiomba, akaleta na nyingine. Wakafika kwenye picha ya ukoo wote nje ya kanisa, wamepangwa mstari, Mama Wanjugu mwisho wa upande mmoja na Kiplangat mwisho wa upande wa pili, na kati yao watu wote wa Dundori. Mama akainama kuitazama. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Feni ikapanda, ikafika juu kabisa, kioo kikawa buluu, kikawa cheusi.

Mama akauliza kumetokea nini. Wariara akasema stima imepotea. Friji ilikuwa inanguruma nyuma yake. Wariara akasema basi ni virusi.

"Pole sana, Baba Micah," alisema mama, kwa ule upole wake. "Lakini msiwe na wasiwasi. Hii ni baridi imeingia. Nakuru siku hizi kuna baridi. Nitaifumia ingine nzito, ivae mbili."

Wariara akasema asante mama. Alisema hivyo kwa dhati, na Kiplangat alipomtazama aliona angesema asante hata kwa ya tatu. Wangeendelea hivyo maisha yao yote, wakivisha na kushukuru. Kitu kikachoka ndani ya Kiplangat.

"Mama," alisema, "si baridi. Ni kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Hiki chako. Mashine inapumua huku chini. Ikifungwa inapata moto, inazima."

Micah alikuwa sakafuni akila ukingo wa mkeka.

"Kwa hivyo ni mimi naiua," alisema mama.

Mlango wa kutokea ulikuwa hapo, wazi, na mkwe yeyote mwenye adabu angepita. Kiplangat hakupita.

"Ni kitambaa chako, ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Juzi, Ijumaa."

"Na leo ukaivalisha tena."

"Ndiyo, mama."

"Ukijua itazima."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa usipoiona imevaa utaenda Dundori, na hutarudi hapa tena."

Mama Wanjugu akaweka kikombe chini. Alimtazama Kiplangat kutoka viatuni mpaka nywele, na uso ule uliokuwa umetulia kwa miaka ukaanza kukunjamana.

"Wewe Kiplangat," alisema, na Wariara akainua kichwa, kwa sababu hakuwahi kumsikia mamake akilitaja jina hilo mbele ya mwenyewe. "Wewe ni kiazi cha aina gani? Una macho kila upande na huoni. Umesoma mpaka university, halafu unakaa hapa unachoma mashine yako na mikono yako mwenyewe, kwa adabu. Ng'ombe yangu hajaenda shule, na nikimfunga kamba vibaya ananipiga teke. Wewe nakufunga shingo, unaniambia asante mama. Kichwa kama debe. Nani alikuambia mimi ni yai?"

Akaendelea. Akamwambia ana uti wa mgongo wa uji. Akamwambia bata angekuwa mwalimu bora wa jiografia, kwa sababu bata anajua maji yako wapi. Kiplangat alisimama palepale, mikono ubavuni, na furaha ilimjaa mpaka akaogopa itaonekana. Alikuwa anawaza jinsi atakavyompigia simu yule fundi wa mabomba.

"Na ni hivyo hivyo Januari," alisema mama.

Furaha ikakoma.

"Kila siku nilikuwa napiga simu kule Kaptembwo. Kila siku huyu ananiambia Baba Micah ametoka nje. Nje wapi, Kiplangat? Januari ile, nani alikuwa anatoka nje?"

Wariara akatazama sakafu. Ni yeye aliyesema hivyo, na ni Kiplangat aliyemwomba aseme. Siku zile aliona sauti yake ina makosa, kwamba mama akisikia lafudhi ya Rongai kwenye simu, wakati moshi unaonekana kutoka kila kilima, atasikia watu wengine wote wa lafudhi hiyo.

"Sikuwa nje," alisema.

"Najua hukuwa nje. Mlikuwa na chumba kimoja. Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia. Nimeketi kwa kitanda."

"Ukifanya nini?"

"Nikisikiliza kama uko salama."

"Si ungechukua simu uniulize?"

"Sikujua nitaanzia wapi."

"Mtu huanza na habari yako," alisema mama. Sauti ilikuwa imeshuka. Aliinama akamtoa Micah mkeka mdomoni, akamweka pajani, na alipozungumza tena alikuwa anamtazama mtoto. "Nilikuwa namwongelesha huyu Wariara mambo ya bure, mambo ya mvua, mpaka kadi ya simu inaisha. Nilijua uko hapo. Nilikuwa nangoja hata ukohoe."

Machozi yakamtoka Kiplangat mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo kwao Rongai halisemeki, na hakuyafuta.

Mama Wanjugu alimwacha alie. Alipoona inatosha, akamkabidhi Wariara mtoto, akaivuta laptop kuelekea kwake na kuanza kuivua. Kiplangat aliinama amsaidie, mpira ukamponyoka, mama akampiga kofi la mkono, akamwambia asishike kitu cha watu na vidole vya boga. Aliivua yote, koti na tumbo, akaigeuza na kuigusa chini kwa kiganja.

"Hii itapoa saa ngapi?"

"Inachukua muda kidogo, mama."

"Nataka kuona ile picha tena. Nataka unieleze ulikuwa unafanya nini kule mwisho." Akasogea ndani ya kochi, akaegemea, akapiga nafasi iliyobaki kando yake. "Keti hapa. Bado sijamaliza na wewe."

Kiplangat akaketi, akiomba asimalize.